Mkebe wa Negatifu

Chini ya kitanda cha baba yangu mkubwa, nyumbani kwetu Mudzipela, palikuwa na mkebe wa maziwa ya Nido ambao sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Tulidhani una pesa. Mimi niliamini hivyo mpaka siku niliyoukuta wazi, nikaona vipande vyeusi vya filimu vimejikunja kama majani makavu ya tumbaku. "Foto za batu," baba mkubwa alisema, akaufunga.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa barabarani: pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua, kiti cha mbao, na nyuma kabisa chumba cha giza ambacho zamani kilikuwa jiko. Alipiga picha za kadi, za ubatizo, za harusi, za wanafunzi waliofaulu mtihani wa serikali. Filimu za rangi alizituma Kampala, zikarudi baada ya wiki kadhaa, kama zilirudi. Za nyeusi na nyeupe alizitengeneza mwenyewe usiku, kwa betri ya gari.

Mwezi wa tano mwaka 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka Bunia, na wanamgambo wakaanza kugombania mji mtaa kwa mtaa. Familia ilikimbilia upande wa Ziwa Albert, kisha ng'ambo. Baba mkubwa aliacha mashine ya kukuzia picha, akaacha sahani za dawa na karatasi, akabeba mkebe. Jambo hilo lilichekwa nyumbani kwa miaka mingi. Mama mkubwa alisema mwanamume mwenye akili angebeba sufuria.

Sababu yake niliielewa nikiwa mkubwa. Desturi ya studio ilikuwa mteja kulipa nusu siku ya kupigwa, na nusu siku ya kuchukua. Negatifu zilizomo katika mkebe zilikuwa za watu waliolipa nusu ya kwanza wasirudi. Za waliomaliza malipo alikuwa amezitenga kwenye sanduku, nazo zilipotea pamoja na nyumba. Majina ya wenye picha yalikuwa katika daftari, na daftari lilibaki. Aliporudi, baada ya kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoitwa Artemis kutuliza mji, hakulikuta daftari wala mlango. Hakufungua tena studio. Hata angefungua, sijui angepata riziki gani: kuanzia uandikishaji wa wapigakura wa mwaka 2005, kadi ambayo watu wengi wanaitumia kama kitambulisho inatolewa na mashine inayopiga picha yenyewe pale pale.

Alipofariki nilipewa mkebe kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nasoma Kiswahili, lakini nyumbani kwetu mtu yeyote mwenye kompyuta ya mapajani ni fundi wa kila kitu kinachotumia waya.

Nilipoufungua, harufu ya siki ilinipiga puani. Nilidhani kuna kitu kimemwagika. Baadaye nilijifunza kwamba filimu za namna hiyo zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikizeeka katika joto na unyevu huanza kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo inaharakisha kuoza kwa filimu yenyewe. Ukiifungia ndani ya chombo kisichopitisha hewa, haina pa kutokea, inarudi kula. Kwa hiyo ule mkebe uliookoa negatifu na vita ndio uliokuwa ukiziua polepole kwa miaka kumi na zaidi. Jioni ile ile nilizihamisha katika bahasha za karatasi nilizozikata kutoka madaftari yangu ya mwaka wa kwanza. Fonolojia imepata kazi.

Kwanza nilikwenda mjini, kwenye nyumba moja ya fotokopi. Kijana alilaza negatifu juu ya kioo cha skana, akafunga kifuniko, na tukapata mstatili mweusi. Akajaribu tena, mweusi. Hakuwa na kosa. Skana ya kawaida inatupa mwanga juu ya karatasi na kusoma unaorudi, lakini negatifu inataka mwanga upite ndani yake kutoka upande wa pili. Zipo skana zenye taa katika kifuniko kwa ajili ya filimu, ila bei yake ni ya mtu mwenye mshahara.

Nikajenga yangu. Chini nililaza tableti ya dada yangu ikiwa na ukurasa mweupe mtupu, mwanga umeongezwa hadi mwisho. Juu yake, kwa kimo cha vidole vinne, niliweka kipande cha plastiki nyeupe nilichokata kwenye bidoni ya mafuta ya kupikia, ili mwanga usambae na vidoto vya kioo cha tableti visionekane katika picha. Halafu kadi mbili nyeusi zenye dirisha la mraba la sentimita sita kwa sita, kwa kuwa filimu zote zilikuwa za ukubwa huo, na negatifu katikati yake kama nyama katika mkate. Simu yangu ilikaa juu, imelazwa kwenye boksi lenye tundu, imeelekezwa chini. Niliiwekea sekunde mbili za kusubiri kabla ya kupiga ili kidole changu kisiitikise. Kazi yote ilifanyika usiku taa zikiwa zimezimwa, na betri ya sola ikiruhusu.

Adui mkubwa ni vumbi. Anayeijua Bunia wakati wa kiangazi anajua vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chumvi. Zipo skana zinazotumia mwanga usioonekana kwa jicho kutambua vumbi na kulifuta, lakini mbinu hiyo haifai kwa filimu ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu picha yenyewe ni chembe za fedha na chembe hizo zinauzuia mwanga ule kama vumbi linavyouzuia. Mashine ingeona uso wa mtu ikadhani ni uchafu. Nilitumia brashi laini ya kupakia poda na pumzi ya pampu ya mpira. Usiku bora ulikuwa ule wa baada ya mvua.

Picha ikishaingia katika kompyuta, programu ya GIMP, ambayo hailipiwi, inageuza giza kuwa mwanga na mwanga kuwa giza kwa kubonyeza mara moja. Uso wa kwanza niliougeuza ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu hivi, amesimama juu ya kiti, analia kwa hasira, na pembeni mkono wa mtu mzima unamshika sketi. Nilicheka peke yangu saa tano za usiku. Kisha nikahesabu: mtoto yule, kama yupo, ananizidi umri.

Hapa niseme kidogo kuhusu maneno, maana gazeti hili ni la kitivo cha lugha. Msimamizi wa kazi yangu alinishauri niandike "picha hasi". Nilijaribu. Tatizo ni kwamba nilipomuuliza mzee yeyote wa Mudzipela habari za picha hasi alinitazama kama mwanasiasa, na nilipotamka "negatifu" alinyoosha mkono kuipokea. Neno jingine lilinigharimu zaidi. Kiswahili cha vitabu na cha miji ya pwani kinaiita kazi ya kutoa picha kwenye filimu "kusafisha picha", na ni kweli kazi hiyo ni ya maji tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na kipande kimoja kilichoota ukungu, madoa kama buibui juu ya nyuso nne. Nikawaza: filimu ilizaliwa katika maji, itaogopa nini? Nikachukua beseni, maji ya vuguvugu, tone la sabuni. Nikaisafisha.

Picha inakaa ndani ya utando mwembamba wa jelatini. Ukungu unapokula jelatini unaiacha katika hali ya kuyeyuka majini. Nilitikisa kipande mara mbili, tatu, na nilipokiinua kilikuwa safi kweli, plastiki tupu inayong'aa. Katika beseni palikuwa na kitu kama moshi wa kijivu. Watu wanne. Sikuwa nimewapiga hata kwa simu kabla ya kuwaosha, kwa sababu nilitaka kwanza wawe safi. Nilikaa na beseni lile hadi maji yakapoa, nikayamwaga chini ya mparachichi, na mpaka leo sijamwambia mama mkubwa.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu, tena msomaji. Nilisoma habari za Kampala. Mwaka 2015, katika ofisi za shirika la utangazaji la Uganda, ilionekana kabati iliyojaa negatifu za wapiga picha wa serikali, zipatazo 70,000, nyingi za miaka ya Idi Amin. Kuanzia mwaka 2018 zilianza kuskaniwa kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Michigan na Western Australia, na mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la taifa. Nilizitazama nilizoweza kuzipata. Ni mikutano, hotuba, gwaride, Amin akicheka. Waliouawa chini ya utawala wake hawamo, kwa sababu mpiga picha wa serikali hakutumwa huko. Nilijisikia vibaya kwa wivu nilioupata: negatifu zile zilikuwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Serikali ile iliandika. Baba mkubwa pia aliandika, lakini daftari lake lilikuwa mezani siku ambayo mtu hawezi kurudi kuchukua daftari.

Basi mimi nilisoma nguo. Mobutu alikataza tai katika miaka ya Authenticité, wanaume wakavaa abakosti, na tai zilirudi shingoni tu baada ya hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Katika mkebe kulikuwa na tai nyingi, na kwa kuwa studio ilifungwa mwaka 2003, hao wote wanaingia katika miaka kumi na mitatu hiyo. Tai tatu kati ya hizo ni tai moja. Baba mkubwa aliikodisha. Nilisoma pia penseli. Ukiinamisha negatifu karibu na taa, unaona mng'ao wa mistari midogo sana juu ya mashavu na vipaji vya nyuso. Alichonga penseli laini kama sindano na kujaza makunyanzi na makovu moja moja, kwa sababu kinachoongezwa weusi katika negatifu kinatoka cheupe katika picha. Wateja walikuja na nyuso zao za kila siku wakaondoka na za harusi.

Nilipofikisha nyuso mia mbili hivi niliziweka katika simu na kuanza kutembea. Mkakati wangu ulikuwa wa kijinga: kwenda kwa wazee, kuonyesha, kuuliza jina, kuandika. Nilitaka kumletea msimamizi wangu orodha nzuri na labda kuandaa maonyesho madogo hapa kitivoni.

Mzee wa kwanza alitambua watu sita kwa nusu saa na kusimulia habari za ndoa zao ambazo hazichapishiki. Mzee wa pili alipitia picha kimya. Alifika kwenye picha ya kundi, vijana saba wa timu ya mpira, mmoja amepiga goti na mpira mbele yake. Aliitazama muda mrefu, akagusa kioo ili kumkuza yule aliyepiga goti, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Ule umuache," akasema.

Nilimuuliza kwa heshima kama ni ndugu yake.

"Nimesema umuache, mutoto yangu."

Tulikunywa chai. Aliniuliza masomo yanaendaje. Mimi nimekulia Bunia, sikuhitaji kufafanuliwa kwamba katika vijana saba wa timu moja ya miaka ile, miaka michache baadaye wangeweza kuwa pande mbili, na kwamba anayejulikana kwa uso anaweza kujulikana kwa mambo mengine. Au pengine aliyepiga goti alikuwa mwanawe. Sikuuliza tena. Niliporudi niliifuta ile picha katika simu na kompyuta, negatifu nikairudisha katika bahasha yake. Bado ipo. Maonyesho ya kitivoni niliyaacha. Msimamizi wangu hakufurahi. Tulibishana naye vizuri, na hatujakubaliana. Anasema picha isiyoonyeshwa ni sawa na iliyooshwa katika beseni. Mimi naona tofauti, lakini nakiri siwezi kuieleza katika ukurasa mmoja wa mbinu za utafiti.

Nikabadilisha njia. Sikumpelekea tena mtu mmoja picha za wote. Mama mkubwa alipitisha habari kanisani na sokoni: mwenye kudai picha yake kwa fulani aje nyumbani, aeleze kwanza alivyovaa, alisimama au alikaa, alikuwa na nani. Nikizipata zinazofanana na maelezo, namwonyesha hizo tu.

Walikuja. Wengine walidai kwa niaba ya ndugu walioko Kyangwali, kambi ya wakimbizi upande wa Uganda, na picha zikaenda kwa WhatsApp zikarudi na sauti za watu wakilia au wakicheka, mara nyingine vyote viwili. Wapo ambao sikuwapatia chochote. Nilipowaambia hayo nilifikiria lile beseni.

Mama mmoja alifika siku ya Jumapili baada ya misa. Alieleza kama mtu anayesoma: mume wake, amesimama, mkono wa kushoto juu ya kiti, suti nyeusi, tai ya mistari. Ni ile tai ya kukodi. Nilimpata mara moja. Nilifurahi mno kwa kuwa ni moja ya picha zilizotoka safi kuliko zote, hata nyuzi za koti zinahesabika. Nikamgeuzia kompyuta.

Aliangalia. Uso wake ulianza kufunguka, halafu ukafungwa.

"Aiko ye."

"Mama, tai ni ile uliyosema."

"Tai iko ile. Bwana yangu alikatwa kidole ku Mongbwalu, ku dhahabu. Mukono wa kushoto. Uyu alikatwa wa kuume."

Nikatazama. Mkono uliokuwa juu ya kiti ulikuwa wa kulia, na kidole cha pete kiliishia katikati. Sikuwa nimekiona kabisa. Alikaa pale na mkoba mapajani, mtu aliyengoja picha hii zaidi ya miaka ishirini na kuletewa mtu anayefanana naye.

Negatifu ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Ukitaka kulia kubaki kulia, kamera iitazame kutoka upande unaong'aa; ndipo pia herufi na namba za pembezoni mwa filimu zinasomeka sawa. Mimi nilikuwa nimelaza nyingi upande uliofifia ukiwa juu, kwa sababu ule unaong'aa ulinionyesha kivuli cha simu yangu mwenyewe. Namba za pembeni zilifichwa na kadi zangu nyeusi. Pazia la studio halina maandishi ya kuniumbua. Kwa miezi minne nilikuwa nimetengeneza watu wa kiooni.

Nilibonyeza amri ya kugeuza kushoto kwenda kulia. Ni kazi ya sekunde moja. Mtu yule akahama upande wa pili wa kiti.

Yule mama hakusema kitu. Alisogeza kiti chake, akaweka kidole chake kwenye kioo cha kompyuta, si usoni bali kwenye ule mkono, akakiacha hapo. Mama mkubwa alitoka jikoni na sahani, akatuona, akarudi jikoni nayo.

Nilitaka kumaliza wiki ile ile kwa kuzigeuza zote kwa pamoja, kumbe sikuweza, kwa sababu usiku mwingine nilikuwa nimelaza filimu vizuri bila kujua. Imebidi nitoe kila negatifu katika bahasha, nisome namba ya pembeni kwa lenzi, niilinganishe na faili. Nimeshafanya 160 na kitu. Kuna watu kumi na wawili waliokwisha kuondoka na picha iliyogeuka, wakaitambua na kushukuru. Saba nimewapata. Mmoja wao alipoiona iliyo sahihi alisema anapenda ile ya kwanza, ndivyo anavyojiona kila asubuhi anaponyoa.

Ya yule mama niliichapisha mjini, kwa karatasi nzuri, na kumpelekea mwenyewe. Aliifunga ndani ya kitenge bila kuitazama sana, pengine kwa kuwa nilikuwepo. Kisha akaniuliza imebaki ngapi.

Sikumwelewa.

"Tulilipa nusu," alisema. "Nusu ingine iko ngapi?"

Nilimwambia hakuna deni, mama, na kama kuna deni ni letu. Akatikisa kichwa. Walilipa kwa zaire mpya, alisema, na bwana yake hakuwa mtu wa kuchukua kitu cha nusu. Tulikaa tukijaribu kukumbuka zaire mpya zilikoma lini, faranga zilipoingia mwaka 1998 zilibadilishwa kwa ngapi, na nusu ya bei ya picha moja ilikuwa kiasi gani siku hizo. Hakuna kati yetu aliyejua. Mwishowe alitoa noti ya faranga elfu moja iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, akangoja chenji.